Mkono wa Nyapara Crandall

Sehemu ya kumi na nne

Wiki iliyopita tulimwacha nyapara Hosea Crandall mkono wake wa kulia umenaswa kwenye rola za kinu cha miwa, na Verlene Arceneaux ameshika mpini wa mvuke. Wengi mmeniandikia kuuliza: ataufungua mvuke zaidi, au ataufunga?

Aliufunga.

Rola zikasimama, mkono ukiwa ndani hadi juu ya kifundo. Crandall akahema kama mbwa. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, lakini bado alikuwa na ubavu wa kutoa amri.

"Vizuri," akasema. "Sasa urudishe nyuma mtambo."

"Mtambo huu haurudi nyuma," Verlene akamjibu. "Unakwenda mbele tu. Mimi ni fundi, naujua kuliko hata aliyeuunda."

"Sasa umeusimamisha kwa nini?"

"Ili tuongee."

Kwa anayenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza: Verlene ana miaka arobaini na sita, fundi boila wa kiwanda cha sukari cha huku kwetu Louisiana. Siku moja aligusa gurudumu la injini kongwe iliyohifadhiwa kiwandani kama kumbukumbu, akajikuta mwaka 1853, mtumwa katika shamba la Bwana Octave Dessalle. Na huyu binti aliyesimama kando yake, Zeline, wa miaka ishirini na minne, ndiye bibi wa bibi wa mama yake. Verlene alishamwambia. Zeline alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu gani huyu ana mvi na mimi sina?" Tangu siku hiyo anamwita kichaa wangu.

Leo Zeline hakuwa anacheka.

Alimsogelea Crandall, akaingiza vidole kwenye mfuko wa kizibao cha nyapara, akatoa saa yake ya fedha. Akaifungua. Akaishika mbele ya macho yake.

"Unaikumbuka?" akamuuliza. "Kaka yangu Theogene alinaswa hapo hapo ulipo. Shoka lilikuwa ukutani, hatua tatu. Ukasema kinu hakisimami. Ukatoa saa hii ukawa unaitazama kama mtu anayesubiri kahawa ichemke. Dakika kumi na moja, Crandall. Nilizihesabu nikiutazama uso wako."

"Ilikuwa msimu wa kusaga. Amri ya bwana."

"Bwana alikuwa New Orleans."

Wanawake wanane waliokuwa wanalisha miwa kwenye kinu waliacha mikono yao ilivyo. Wote walikuwepo siku ya Theogene, na wote walilazimishwa kuendelea kulisha.

Narcisse, mwendesha injini, mwanamume wa maneno mengi ambaye leo yalikuwa yamemkauka, akachungulia dirishani.

"Dada zangu, semeni upesi," akasema kwa Kikreoli, lugha ya watumwa wa huku. "Kinu hiki hakijanyamaza tangu Jumapili. Kule nyumba kubwa Bwana Dessalle ameshatega sikio. Mimi nampa dakika tano awe juu ya farasi."

Crandall hakugeuka. Alikuwa Mmarekani wa majimbo ya kaskazini, na miaka miwili shambani hakuwahi kutamka neno moja la Kikreoli. Watu walimsema mbele yake kila siku, wakimwita majina ambayo mhariri wangu hataki niyachapishe.

Verlene akaufungua mpini kidogo, upana wa ukucha. Rola zikanguruma. Crandall akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake. Verlene akafunga.

"Tunataka jambo moja," akasema. "Fifine."

Fifine ni binti wa Zeline, miaka sita. Wiki tatu zilizopita mama yake alirudi kutoka kukata miwa akakuta godoro tupu. Crandall alimuuza mchana, bila kusema kwa nani wala wapi. Zeline alipouliza, alipigwa. Alipouliza tena, alipigwa tena. Aliuliza mara sita.

"Yuko wapi mwanangu?" akauliza mara ya saba.

"Texas," Crandall akasema haraka. "Alichukuliwa na mtu wa meli. Walikwenda Galveston. Jina silijui, naapa kwa mama yangu."

Zeline akainamisha kichwa. Texas ni mbali. Texas ni kama kuambiwa amezikwa.

Lakini Verlene alikuwa anamtazama nyapara machoni, na kifuani mwake kuna kitu kiligoma. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila Krismasi akikoroga mchuzi wa gumbo: kwamba Fifine alikulia jikoni kwa daktari mwenye jicho moja, na kwamba aliliogopa jicho lile bovu kuliko lile zima. Mji gani, bibi hakujua. Lakini hakukuwa na Texas katika hadithi ile. Hakukuwa na meli.

"Uongo," Verlene akasema.

Akafungua mvuke. Safari hii hakufunga haraka.

"Mtoto yuko kwa daktari mwenye jicho moja," akasema rola ziliposimama. "Hilo najua. Nataka jina lake na mji wake. Ukinidanganya tena nitaufungua mpini wote kisha nitakwenda kunywa maji."

Hapo Crandall akafanya kitu cha ajabu. Akasahau maumivu. Akamkodolea macho Verlene, kwa mshangao zaidi kuliko hofu.

"Nani amekwambia habari za jicho?" akauliza polepole.

"Dakika nne," Zeline akasema, macho kwenye saa. "Bado saba."

"Opelousas," nyapara akatema. "Daktari Valsin. Nyumba ya matofali nyuma ya soko. Sasa chukueni shoka, nimeshasema."

"Farasi," Narcisse akasema dirishani. "Anakuja. Anakuja mbio."

Sasa, msomaji, fikiri haraka kama walivyofikiri wao. Crandall akibaki hai na kinywa kizima, atasema, na watu kumi na mmoja watanyongwa kabla ya chakula cha mchana. Crandall akifa ndani ya kinu kilichosimama, Dessalle atauliza nani alikisimamisha, na watanyongwa vilevile.

Zeline alinyoosha mkono kuelekea mpini. "Nipe mimi. Nimmalizie. Wakininyonga nitakuwa nimeshiba."

"Na Fifine atachukuliwa na nani?"

Mkono wa Zeline ukasimama hewani.

Kwato zikafika mlangoni. Sauti ya Dessalle ikasikika nje, ikiuliza kwa Kifaransa ni shetani gani aliyezima kinu chake. Crandall akajaza kifua hewa.

"Bwana Dessalle," akaanza kuita, "hawa wana..."

Verlene alikuwa ameshalishika shoka.

Nitawaambia ukweli kuhusu Verlene, maana nimemfuata wiki kumi na nne na sitaki mumdhanie malaika. Hakufumba macho. Alimtazama Crandall usoni, akangoja sekunde moja nzima ili ahakikishe naye anamtazama, akashusha.

Pigo moja, chini kidogo ya kiwiko.

Dessalle alipoingia, alimkuta nyapara wake sakafuni amezimia, mwanamke mmoja amepiga goti kando yake akimfunga mkanda juu ya kiwiko, mwingine amekishika kichwa chake akilia machozi makubwa. Machozi ya Zeline yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya Theogene.

"Nani alisimamisha kinu changu?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Dessalle. La pili likawa, "Amekufa?"

"Hajafa, bwana," Verlene akasema, kichwa chini. "Mkono wake ulivutwa. Nikafunga mvuke, nikakata. Ningechelewa angeingia mzima."

Dessalle akamtazama, akalitazama shoka, akawageukia wanawake wa miwa. "Ndivyo ilivyokuwa?"

Kisha mmoja wao, Eulalie, mwanamke mnene aliyekosa vidole viwili kwa sababu ya rola zile zile, akasema, "Sisi tulikuwa tunaangalia miwa, bwana. Ndivyo tulivyofundishwa."

Wengine saba wakaitikia kwa vichwa.

"Umetumia akili," Dessalle akamwambia Verlene, na hapo watu wakakaribia kuangua kicheko cha wazimu, maana mwanamke aliyemtesa nyapara wake alikuwa anasifiwa mbele ya damu yake. "Huyu ni nyapara bora kuliko wote niliowahi kuwapata. Nusu ya sukari yangu ni kazi yake. Akifa sasa, katikati ya msimu, nimekwisha."

"Anahitaji daktari, bwana."

"Daktari gani? Wa Donaldsonville alikufa na homa ya manjano Septemba."

Neno lilikuwa ulimini mwa Verlene, na likitoka vibaya lingewaua wote.

"Jikoni walikuwa wanazungumza, bwana. Walisema kuna mmoja Opelousas. Ana jicho moja. Walisema mtu akikatwa kiungo, yeye ndiye wa kumwita."

"Valsin." Dessalle akajikuna kidevu. "Ndiyo, namjua. Crandall mwenyewe anamsifu sana. Lakini ni safari ya siku tatu. Narcisse ataenda."

Verlene akafumba macho. Narcisse akafumbua kinywa, na kwa mara ya kwanza maneno yake mengi yakafanya kazi ya maana.

"Niko tayari hata sasa, bwana. Injini tu ndiyo inanitia wasiwasi. Boila la pili linavuja, na miwa iliyokatwa jana itaanza kuchacha kesho. Labda bwana aiendeshe mwenyewe hadi nirudi."

Dessalle akaitazama milima ya miwa nje. Akatazama mikono yake safi.

"Huyu je?" akauliza, akimwelekezea Zeline kidole. "Anajua kupanda nyumbu?"

"Baba yake alikuwa mtunza nyumbu wako, bwana," Narcisse akasema.

Basi cheti cha ruhusa kikaandikwa palepale, juu ya pipa la sukari: aliyeshika karatasi hii ni Zeline, mali ya Octave Dessalle, apitishwe hadi Opelousas na kurudi. Sahihi yake ikakauka upesi kwa joto la boila.

Kisha Dessalle akamshika Verlene kidevu, akamwinua uso.

"Wewe utamuuguza. Akifa mikononi mwako, utamfuata. Na huyu mwenzako asiporudi na daktari siku ya saba, nitakutundika kwenye mti wa pekani mbele ya vibanda vyenu, kila mtu aone. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, bwana," wakasema wote wawili.

*

Walimbeba Crandall hadi nyumba yake ndogo kando ya tuta la mto, wakamlaza. Dessalle akarudi kwake. Nje, kinu kilianza kunguruma tena, na Zeline alikuwa na muda wa kufunga mkate wa mahindi na nyama ya chumvi, basi.

Akasimama juu ya kitanda, ameshika mto wa manyoya kwa mikono miwili.

"Pumzi kumi," akasema kwa Kikreoli. "Niachie pumzi kumi tu, kichaa wangu."

"Akifa leo, watatuma mtu akurudishe kabla hujavuka mto Atchafalaya. Cheti chako kina uzito kwa sababu huyu anapumua."

"Yaani mimi nimwombee uzima huyu?"

"Siku tatu tu. Baada ya hapo mwombee unachotaka."

Zeline akautupa mto chini. Akakaa kando ya kitanda, mgongo kwa nyapara, kama anavyoketi mtu kando ya gogo.

"Nikimpata Fifine, sirudi," akasema. "Kuna watu wetu waliotorokea kinamasini, kule miti ya misipresi ilipo minene, hawajakamatwa miaka minane. Ndiko nitakakompeleka. Siku ya saba itafika na mimi sipo. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na mti wa pekani?"

"Nina siku saba za kufikiria mti wa pekani. Wewe fikiria barabara."

Zeline akamgeukia. Kwa mara ya kwanza, nadhani, alimwamini.

"Ile hadithi yako," akasema. "Kwamba Fifine anakulia kwa yule daktari, anazeeka, anazaa, na wewe unatokea huko mbele. Nikimtoa pale, si nitakuwa nimeivuruga? Wewe utatokea wapi?"

"Sijui. Huenda nisitokee."

"Basi nimwache?"

Verlene aliwaza mambo mengi kwa pumzi moja. Aliiwaza nyumba yake, mama yake akipika maharage mekundu siku ya Jumatatu, mwanawe aliye chuo kikuu. Kisha akakumbuka kwamba kila Krismasi bibi yake alipofika mahali pa jicho bovu, alikuwa ananyamaza na kukoroga tu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza daktari yule alimfanya nini mtoto yule.

"Mtoe," akasema. "Mtoe hata ukilazimika kuichoma ile nyumba."

Wakakumbatiana, mwenye mvi na bibi yake kijana. Zeline akamnong'oneza, "Nikipata binti mwingine nitamwita Verlene. Jina baya, lakini nimeshalizoea." Akatoka bila kugeuka.

Dakika chache baadaye nyumbu alipita dirishani, akapanda juu ya tuta la mto, akaelekea magharibi.

Verlene akageukia kazi. Mkanda ulikuwa bado umebana juu ya kiwiko, damu imekoma. Akachukua kisu akalichana shati la Crandall, limeganda damu na maji ya miwa, ili amfute.

Akaacha kisu hewani.

Chini ya tumbo, upande wa kulia, kulikuwa na kovu. Kovu fupi, limenyooka kama limepigwa rula, na pembeni vitone vidogo vya sindano, viwili viwili. Verlene alilijua kovu lile. Mwanawe analo. Ni la kutolewa kidole tumbo.

Mwaka 1853 hakuna daktari duniani anayempasua mtu pale na kumshona vizuri namna ile.

"Simu," Crandall akaguna. Macho yalikuwa yamefumba. Midomo imekauka. "Pigeni simu. Iteni ambulensi."

Verlene akakiweka kisu chini.

Akajivuta nyuma, lakini alikuwa amechelewa. Macho ya nyapara yalikuwa yamefunguka, na hayakuwa na homa. Yalikuwa yanamtazama kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Jicho la Valsin," akasema. "Nilijua pale pale. Hakuna mtumwa wa hapa angeweza kujua." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Umetoka mwaka gani?"

Alisema kwa Kikreoli. Kikreoli safi, cha mtu aliyekisomea darasani.

Verlene akaelewa yote kwa mpigo. Miaka miwili alikuwa anawasikia. Kila tusi, kila mpango, kila jina la aliyetaka kutoroka. Na sasa hivi, kando ya kitanda hiki, alikuwa amesikia habari za kinamasi, misipresi na siku ya saba.

"Umekuja vipi?" Verlene akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kama wewe. Ile injini. Tofauti ni kwamba mimi nilijua inafanya nini. Nilikuja kwa hiari yangu."

"Hapa? Mtu na akili zake achague kuja hapa?"

"Huko kwetu nilikuwa mlinzi wa geti. Watu wananipita kama ukuta, hata salamu hakuna. Hapa nikipita, watu mia na ishirini wanashusha macho." Akameza mate kwa shida. "Hukuwahi kujiuliza kwa nini Theogene? Alikuwa ameanza kuuliza maswali kuhusu saa yangu. Maandishi yaliyo ndani ya kifuniko chake, yenye mwaka ambao haujafika. Ningefanyaje?"

Saa ilikuwa imeondoka na Zeline, ndani ya mfuko wa gauni lake.

"Mlango wa kurudia naujua uko wapi," Crandall akaendelea, sasa kwa upole wa mfanyabiashara. "Niuguze vizuri, nikupeleke. Utakuwa kwako kabla ya siku ya saba. Lakini bibi yako yule msahau. Sote tulioingia kwa ile injini tuko watatu. Mmoja amelala hapa hana mkono. Mwingine ni wewe."

Akangoja aone kama ameelewa.

"Wa tatu ana jicho moja. Watoto wote ninaowauza, nampelekea yeye, na hata mimi siulizi anawafanyia nini. Akiiona saa yangu mikononi mwa yule mwanamke, atajua kila kitu."

Verlene akakimbilia dirishani. Barabara ya juu ya tuta ilikuwa tupu, vumbi lake limeshatua.

Kisha akarudi, akavuta kigoda, akaketi karibu kabisa na kitanda. Akaweka vidole viwili kwenye pini ya mkanda uliozuia damu ya Hosea Crandall, akaulegeza tundu moja.

Damu ikaanza kudondoka sakafuni.

"Sasa," akasema, "nyumba ya matofali nyuma ya soko. Ina milango mingapi, na Fifine anamweka chumba gani?"